Kuongeza mazoezi au kujipimia nguvu: kuchagua njia kwa mwenye uchovu sugu

Mdogo wangu wa kike aliugua korona mwaka 2021. Homa ikaisha, kifua kikafunguka, kipimo kikatoka safi, lakini yule mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala hakurudi. Akabaki mtu wa kufua kanga tatu Jumamosi na kulala mpaka Jumanne. Kila alipokwenda hospitali aliambiwa damu iko sawa, moyo uko sawa, mapafu yako sawa. Daktari mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwandikia kutembea: dakika kumi kwa siku, na kila wiki aongeze tano. Wiki ya tatu alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Hapo tukajikuta njia panda, na najua nyumba nyingi zimesimama hapo hapo. Njia ya kwanza inasema mwili umelegea kwa kukaa, uamshe, kila wiki ongeza kidogo kwa ratiba hata ukijisikia vibaya. Ya pili inasema jua leo una nguvu kiasi gani, tumia chini ya kiasi hicho, na usiongeze mpaka mwili wenyewe uonyeshe nafasi. Huwezi kuzifuata zote mbili kwa mpigo, kwa sababu pale ya kwanza inapokuambia kaza, ya pili inakuambia keti.

Nafundisha baiolojia sekondari. Mitokondria, yale majiko madogo ya nishati ndani ya seli, nimezichora ubaoni kila mwaka bila kuwaza kwamba siku moja zitaingia nyumbani kwetu. Kwa hiyo nilipoanza kulinganisha njia hizi mbili, sikutulia kwenye ushuhuda wa watu tu. Nilitaka kujua msuli wenyewe unafanya nini. Jibu lililonisaidia zaidi kuamua lilitoka Amsterdam, Uholanzi.

Njia ya kuongeza, na ilikotoka

Njia hii isidharauliwe. Aliyepata kiharusi, aliyepasuliwa goti, mwenye kisukari, mwenye presha, aliyelazwa wodini wiki tatu: kwa wote hao mazoezi ya kuongeza taratibu ni dawa kweli. Msuli usiotumika husinyaa, mitokondria zake hupungua, na moyo huzoea kusukuma damu kidogo. Ukiutumia tena, hurudi. Ndiyo maana daktari akiona vipimo safi na mbele yake mtu anayelalamika kuchoka, ushauri wa kwanza unaomjia ni huo.

Kwa uchovu sugu, yaani ugonjwa unaoitwa ME, kifupi cha myaljiki ensefalomaelitisi, wenye dalili kama za mdogo wangu, nguzo kubwa ya njia hii ilikuwa jaribio la Uingereza lililoitwa PACE. Matokeo yake yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2011. Wagonjwa 641 waligawanywa makundi manne: wengine huduma ya kawaida ya daktari peke yake, wengine wakaongezewa mazoezi ya kupanda kwa ratiba, wengine tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, wengine kujipimia. Watafiti walitangaza kwamba mazoezi na mazungumzo vilisaidia kuliko huduma ya kawaida, na kwamba kujipimia hakukuongeza kitu. NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilikuwa imeshapendekeza mazoezi hayo tangu 2007.

Wagonjwa walilipinga jaribio hilo miaka mingi. Nilipolisoma mwenyewe nilikwama mahali pawili. Kwanza, ili kuingia ilitosha kuwa na uchovu mkubwa wa miezi sita au zaidi usio na maelezo mengine. Dalili ya kuporomoka baada ya shughuli, yaani kuzidiwa siku moja au mbili baada ya kufanya kitu, ambayo nitaieleza zaidi huko mbele, haikuwa sharti. Kwa hiyo walichanganywa watu wenye matatizo tofauti. Pili, uwezo wa mwili ulipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 100. Ili uhesabiwe mgonjwa na kuingia kwenye jaribio, ulitakiwa uwe na alama 65 au chini. Lakini mwishoni, mtu mwenye alama 60 alihesabiwa kuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Maana yake mtu angeweza kuingia na 65, akashuka mpaka 60, na kwa kipimo hicho akaonekana yuko kawaida. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akiniletea jedwali la namna hiyo namrudishia daftari.

Tarehe 29 Oktoba 2021 NICE ilitoa mwongozo mpya. Umesema wazi kwamba wagonjwa wa ME wasipewe programu yoyote ya kuongeza mazoezi kwa viwango vilivyopangwa mapema. Taasisi ile ile, ndani ya miaka 14.

Kipande cha paja

Hapa ndipo penye kiini cha kulinganisha kwangu, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Msuli una namna mbili za kupata nishati. Ya kwanza ni kama moto wa mkaa: sukari inapelekwa ndani ya mitokondria, inachomwa kwa oksijeni polepole, na molekuli moja ya glukosi inatoa takriban 30 za ATP, ile sarafu ambayo seli hulipia kila kazi. Ya pili ni moto wa mabua: sukari inavunjwa nje ya mitokondria bila oksijeni, haraka sana, lakini faida ni ATP 2 tu, na inaacha lakteti. Mtu mzima wa afya anapotembea kwenda sokoni anatumia mkaa. Akikimbilia gari linaloondoka, anawasha mabua kwa muda mfupi, kisha anarudi kwenye mkaa.

Rob Wüst, mtafiti wa fiziolojia ya misuli katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit Amsterdam, pamoja na wenzake wa hospitali ya chuo ya Amsterdam, waliwachukua wagonjwa 25 wa korona ya muda mrefu waliokuwa na dalili ya kuporomoka, na watu 21 wenye afya wa kulinganisha nao. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha nyama kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kisha akapanda baiskeli ya mazoezi akakanyaga mpaka mwisho wa nguvu zake. Siku moja baada ya baiskeli akatolewa kipande kingine. Watafiti wakaweka vipande vya kabla na baada chini ya darubini. Kazi ilichapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Communications.

Waliona nini? Hata kabla ya baiskeli, wagonjwa walikuwa na nyuzi nyingi zaidi za aina ya mabua, zile zenye nguvu ya ghafla zinazochoka upesi, na mitokondria zao zilizalisha nishati kidogo kuliko za wenzao. Siku moja baada ya kukanyaga, kazi ya mitokondria kwa wagonjwa ilikuwa imeshuka zaidi. Nyuzi zilizokufa na zinazojaribu kuota upya ziliongezeka, na seli za kinga zilikuwa zimeingia ndani ya msuli. Palikuwa pia na mabaki ya protini aina ya amiloidi kati ya nyuzi, mengi kuliko kwa watu wenye afya, ingawa hayakuwa yameziba mishipa ya damu kama wengine walivyodhani.

Niliposoma hayo nilikumbuka kikombe cha chai. Miezi yote ile tulikuwa tunamwambia binti wa watu ajikaze, na huku pajani mwake huenda ndiko nyuzi zilikokuwa zinakufa.

Mtetezi wa njia ya kwanza atauliza swali la haki: je, hayo si matokeo ya kukaa tu? Mtu asiyetembea miaka miwili, msuli wake si lazima uharibike? Kundi hilo hilo la Amsterdam lililijibu mwaka 2025. Walilinganisha misuli ya wagonjwa wa korona ya muda mrefu na wa ME na misuli ya watu wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 60 mfululizo bila kuinuka. Uwezo wa jumla wa kutumia oksijeni ulishuka karibu sawa kwa pande zote. Lakini ndani ya msuli picha zilikuwa mbili. Waliolala walisinyaa misuli, na kushuka kwao kuliendana na kudhoofika kwa mitokondria. Wagonjwa hawakuwa wamesinyaa. Wao walikuwa na kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, chache zaidi na nyuzi nyingi za mabua, na hayo hayakuendana na kiasi cha oksijeni walichoweza kutumia. Ukipenda, safari mbili tofauti zilizofika kituo kimoja. Kukaa peke yake hakuelezi ugonjwa huu.

Na si Amsterdam tu. Huko Bergen, Norway, Øystein Fluge na Olav Mella, ambao kwa taaluma ni madaktari wa saratani, walipima damu ya wagonjwa 200 wa ME na watu 102 wenye afya. Mwaka 2016 wakaonyesha dalili kwamba kimeng'enya kinachofungua mlango wa sukari kuingia mitokondria kimebanwa. Marekani, timu ya Paul Hwang kwenye taasisi ya taifa ya afya ilionyesha mwaka 2023 kwamba protini inayoitwa WASF3 ilikuwa nyingi kwenye misuli ya wagonjwa waliowapima, na kwamba ikizidi inavuruga mitambo ya nishati ndani ya mitokondria. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyozaa dawa bado. Fluge na Mella wenyewe walijaribu dawa ya rituksimabu kwa wagonjwa 151, na matokeo ya 2019 yakaonyesha haizidi maji ya chumvi. Walichapisha hivyo hivyo bila kuficha, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Njia ya kujipimia

Hii si kulala. Wengi huikataa kwa sababu wanadhani wanaambiwa wakae kitandani kungoja kufa. Kujipimia ni kuishi ndani ya bajeti. Unatafuta kiasi cha shughuli ambacho kesho yake hakidai, unakaa chini kidogo ya hapo, na unaigawa siku vipande vipande.

Nitaonyesha kwa kufua, kwa sababu ndipo tulipoanzia. Zamani mdogo wangu alikuwa anachuchumaa mbele ya beseni, anafua zote, anasuuza, anakamua, anaanika, saa nzima na nusu, akijisifu kwamba leo amejisikia vizuri. Sasa anakaa kwenye kigoda kirefu, beseni liko mezani. Kanga moja. Akimaliza anajilaza nusu saa, macho yamefungwa, simu mbali. Kukamua ni kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa kukamua kunabana mkono kwa nguvu ile ya mabua. Kanga ya pili ni kesho. Mama alilipinga sana hili mwanzoni, akasema nyumba gani hii inafua nguo moja. Leo ndiye anayemkumbusha akalale.

Kifaa cha kujipimia ni mapigo ya moyo. Wataalamu wa taasisi ya Workwell huko California, waliowapima wagonjwa wa ME kwa baiskeli miaka mingi, hushauri kutozidi takriban mapigo 15 kwa dakika juu ya yale ya mapumziko. Kama asubuhi kabla ya kuinuka moyo unapiga 72, basi ukifika 87 ukiwa unapika, keti. Saa ya kupima mapigo inasaidia, lakini vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa ya ukutani vinatosha. Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo asitegemee hesabu hii, azungumze na daktari wake.

Sitasema njia hii ni tiba. Haiponyi. Hata lile jaribio la 2011 halikuonyesha kwamba inawarudisha watu kazini. Inachofanya, kwa wenye dalili ninayoisema, ni kupunguza maporomoko, na mwili usioporomoka kila wiki hupata nafasi ya kutulia. Gharama yake ni kubwa na haionekani hospitali: maisha yanakuwa madogo. Harusi zinakupita. Msiba wa jirani unakupita, na kwetu kutoonekana msibani si jambo dogo. Kama hakuna mtu wa kuchota maji, kupika na kubeba mtoto, hata bajeti nzuri namna gani haitekelezeki. Kwa hiyo anayechagua njia hii asichague peke yake. Wachague watu wa nyumba nzima.

Siku ya pili ndiyo inayoamua

Sasa, wewe ni wa njia ipi? Usiangalie umechoka kiasi gani. Watu wa aina zote mbili wamechoka. Angalia kinachotokea siku inayofuata shughuli.

Aliyelegea tu akitembea nusu saa anahema, kesho yake mapaja yanauma kidogo, keshokutwa yuko sawa, na wiki ijayo nusu saa ile ile ni nyepesi kidogo. Huyo aende mazoezini, na aende kwa moyo wote. Kumkalisha ni kumdhulumu.

Mwenye kuporomoka anaweza kumaliza ile nusu saa vizuri, hata akacheka njiani. Deni linakuja baada ya saa 12, 24, hata 48. Koo linawasha kama la mafua, kichwa kinajaa ukungu, mwanga unaumiza macho, usingizi hauburudishi, na maneno ya kawaida yanamtoka mdomoni kwa shida. Inaweza kuchukua siku au wiki kurudi alipokuwa, na wakati mwingine harudi. Si mwendo peke yake unaoleta hayo. Saa mbili za kikao au ugomvi wa familia vinaweza kuleta hali ile ile. Ripoti kubwa ya taasisi ya tiba ya Marekani ya mwaka 2015 iliiweka dalili hii kati ya zile za lazima katika kuutambua ugonjwa wa ME.

Kuna kipimo chake cha maabara: kukanyaga baiskeli mpaka kikomo leo, na tena kesho. Mtu mwenye afya, hata asiye na mazoezi, hutoa karibu matokeo yale yale siku zote mbili. Wagonjwa 51 wa ME waliopimwa California, matokeo yao yakachapishwa 2013, walishuka siku ya pili, hasa kwenye kazi waliyoweza kuifanya kabla ya msuli kuhamia kwenye moto wa mabua. Kipimo hicho sikushauri ukitafute. Kinaweza kukuangusha, na ulichotafuta kukijua daftari linaweza kukuonyesha. Andika wiki mbili: ulifanya nini, saa ngapi, na kesho na keshokutwa ulikuwaje. Mdogo wangu aliandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu ya bluu na nyekundu: bluu kwa shughuli, nyekundu kwa kuzidiwa. Wiki ya pili tu tuliona: kila nyekundu ilikuwa siku moja au mbili baada ya bluu nyingi.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu korona, liliwagawa wagonjwa kwa dalili hii: mwenye kuporomoka afundishwe kutunza nguvu, na mazoezi ya kuongeza yabaki kwa asiye nayo.

Haki inanidai niseme la upande wa pili. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha tiba cha Karolinska, Sweden, waliwapa watu 31 wenye korona ya muda mrefu aina tatu za mazoezi, na kwa jumla dalili hazikuzidi kwa namna waliyoihofia wakilinganishwa na watu wenye afya, ingawa misuli iliwauma zaidi baada ya mazoezi makali. Kwa hiyo si kila mwenye korona ya muda mrefu ataumizwa na baiskeli. Hilo halinisogezi kwa mtu ambaye daftari lake limeshajaa nyekundu. Linanionya tu nisimwambie kila aliyechoka akalale.

Na kabla ya njia yoyote, hakikisha mengine yameondolewa. Kwetu uchovu una wenyewe wengi: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU, homa ya ini, ujauzito ambao bado haujajulikana, sonona. Hayo yana vipimo na mengi yana dawa. Usikubali jina la uchovu sugu kabla hayajapimwa, na usikubali jina la uvivu baada ya kupimwa.

Ukiwa bado hujui

Wapo ambao daftari halisemi wazi. Kwa hao mimi hupima kosa lipi ni rahisi kulilipa. Ukijipimia wakati kumbe ulikuwa umelegea tu, umepoteza miezi miwili mitatu na misuli imepungua kidogo. Hiyo inarudi. Ukijikaza wakati kumbe wewe ni wa kuporomoka, unaweza kushuka kutoka mtu anayejipikia hadi mtu anayelishwa, na wapo walioshuka hivyo wakakaa huko miaka. Makosa haya hayalingani. Kwa hiyo anza na kujipimia wiki sita. Zikipita bila mporomoko hata mmoja, jaribu kuongeza kidogo mno, kisha ngoja siku tatu kabla ya kuongeza tena. Ukiona deni, rudi ulipotoka, na usione aibu.

Ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nenda na kalenda yako. Usianze kwa kusema umechoka, maana kila mgonjwa amechoka. Mwambie: "Nikifanya kitu leo, kesho au keshokutwa nazidiwa, na si misuli tu, ni mwili mzima." Anayeijua dalili hii atafunga ile karatasi ya ratiba. Asiyeijua, mwonyeshe nyekundu.

Mdogo wangu hajapona. Mwezi uliopita alifika dukani kwa Mangi, hatua kama mia mbili, akakaa kwenye kreti la soda nusu njia kwenda na nusu njia kurudi. Nilingoja kesho, nikangoja keshokutwa. Siku ya tatu alichukua kalamu ya bluu.